Vistari vitatu kwenye majibu ya mdogo wangu: barua ya wazi kutoka Ujiji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma, Mganga Mkuu wa Mkoa, na waheshimiwa wabunge wa majimbo yote ya mkoa wetu.

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, mwaka wa kumi na tisa sasa nikishika chaki hapa Kigoma. Nawaandikia habari za mdogo wangu, kwa ruhusa yake, ila jina lake nimelihifadhi. Ombi langu ni moja. Mwanamke wa mkoa huu akikutwa na saratani ya matiti, apimwe vipokezi vya homoni, yaani protini za seli zinazopokea amri ya homoni, majibu yarudi mapema, na dawa inayoendana na majibu hayo aipate karibu na nyumbani kwake.

Nianze na kopo.

Mdogo wangu aligundua uvimbe titini akiwa anaoga, mdogo kama mbegu ya chikichi. Hakukaa nao. Alinipigia simu jioni ileile: "Dada, kuna kitu kimeota huku, njoo ukishike." Nilikwenda, nikakishika, na Jumatatu asubuhi tukawa kwenye foleni ya hospitali. Nalitanguliza hili kwa makusudi. Kila saratani inapotajwa mikutanoni, kinamama wa Kigoma tunaambiwa tunachelewa, tunaanzia kwa waganga, tunaficha. Wapo wanaochelewa, na wengi wao wana sababu ambayo ukiisikia huwezi kuwalaumu. Mdogo wangu hakuchelewa hata wiki moja.

Daktari alichukua kinyama kwa sindano nene, vipande vitatu vyembamba kama tambi. Sista akavitumbukiza kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko mwekundu, akabandika plasta juu yake na kuandika jina na umri kwa kalamu ya wino. Dawa iliyokuwemo ndani ilifunika vipande kwa shida. Harufu yake niliijua mara moja, ni fomalini, ileile tunayohifadhia samaki kwenye maabara ya shule. Akaliingiza kopo ndani ya glovu, akafunga fundo, akanikabidhi. "Mwalimu, hiki mtakipeleka maabara wenyewe. Usikilaze."

Ilikuwa Alhamisi. Nafasi ya basi tuliipata Jumamosi alfajiri. Nililiweka kopo mapajani, nimelizungushia kitenge, nikaliegemeza tumboni ili lisilale kama nilivyoagizwa. Kasulu, Kibondo, Kakonko. Kila basi lilipoingia shimoni nilibonyeza mfuniko kwa kidole gumba. Kabla hatujatoka nje ya mkoa, vidole vya ile glovu vilikuwa vimejaa maji. Kopo lilikuwa linavuja, na nyama ya mdogo wangu ilikuwa inabaki juu, nje ya dawa. Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa pembeni. Nilishawishika kuongeza maji, nikajizuia, maana najua maji hayahifadhi kitu, yanaozesha. Sikuwa na la kufanya zaidi ya kulikumbatia.

Majibu yalitoka baada ya wiki saba. Karatasi ilisema ni saratani ya mirija ya maziwa, imeshapenya nje ya mirija, daraja la pili. Chini yake kulikuwa na mistari mitatu iliyochapwa tayari: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni, HER2. Mbele ya kila mmoja mtu alikuwa amepiga kistari kwa kalamu. Nilipouliza, niliambiwa kipimo hicho hakikufanyika.

Niruhusuni nieleze vile vistari vilifuta nini, kwa maneno ninayotumia darasani.

Seli za titi hupokea amri kutoka kwenye homoni. Estrojeni hutengenezwa zaidi kwenye ovari, na baada ya hedhi kukoma hutoka kwenye mafuta ya mwili. Inasafiri kwenye damu kama meli inavyosafiri ziwani. Lakini meli bila gati haishushi mzigo. Kipokezi ndilo gati. Kipo ndani ya seli, na estrojeni ikishatia nanga pale, vyote viwili hushika vinasaba na kuamuru seli igawanyike. Saratani nyingi za matiti zina magati haya kwa wingi na huyategemea ili kukua. Nyingine hazina hata moja. Ukiutazama uvimbe kwa macho, au ukaushika kwa vidole kama nilivyoushika mimi, huwezi kujua ni upi. Hata kwenye darubini ya kawaida huwezi kuwa na hakika. Ni lazima upake kinyama dawa maalumu inayokitia rangi kipokezi, kisha uhesabu. Asilimia 1 tu ya viini vya seli ikishika rangi, saratani hiyo huhesabiwa kuwa ina kipokezi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1896 daktari mpasuaji wa Glasgow, George Beatson, aliandika habari za wanawake ambao uvimbe wao ulinywea baada ya kutolewa ovari. Kwa nini ulinywea kwa baadhi ya wanawake na si kwa wengine, hakuna aliyejua kwa miaka mingi, hadi Elwood Jensen wa Chicago alipoanza kukifuatilia kipokezi chenyewe mwishoni mwa miaka ya 1950. Kisha ikaja tamoksifeni. Hii ni sawa na meli tupu inayofika mapema na kufunga kamba gatini: haina mzigo wa kushusha, lakini estrojeni ikifika inakuta nafasi imeshikwa. Marekani iliiruhusu kutibu saratani ya matiti mwaka 1977. Leo ni dawa ya zamani, haina tena mwenye hakimiliki, viwanda vingi vinaitengeneza, na imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mgonjwa anameza miligramu 20 kwa siku, kwa miaka mitano, wengine hadi kumi. Kwa wanawake ambao saratani yao ina kipokezi cha estrojeni, miaka mitano ya dawa hii hupunguza vifo vya saratani ya matiti kwa karibu theluthi moja, na faida hiyo huendelea kuonekana hata miaka 15 baada ya kuanza tiba. Kwa wasio na kipokezi haisaidii. Inawaachia joto la ghafla, na hatari ndogo ya damu kuganda na ya saratani ya mji wa mimba, bila faida yoyote.

Kwa hiyo ile mistari mitatu ndiyo iliyotakiwa kutuonyesha njia.

Kipokezi cha projesteroni nacho kina maana yake. Seli hukitengeneza pale kipokezi cha estrojeni kinapofanya kazi, hivyo ukikikuta unajua gati limo kazini, halikusimama tu kama nguzo. HER2 ni kipokezi cha namna nyingine, kipo kwenye ukuta wa nje wa seli na hakipokei homoni za uzazi. Kikizidi, saratani hukua kwa kasi, na ina dawa yake, trastuzumabu, iliyoingia kwenye orodha hiyohiyo ya dawa muhimu mwaka 2015. Saratani isiyo na chochote kati ya vitatu hivi huhitaji tibakemikali mapema na kwa ukamilifu. Mwanamke huyo naye ana haki ya kujua, ili asipoteze mwaka mzima akimeza kidonge kisichomfaa huku ugonjwa unasonga.

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita huwa wananibana kwa swali zuri: je, kipokezi cha estrojeni ni kimoja tu? Hapana, viko viwili. Kile cha zamani kinaitwa alfa. Cha pili, beta, kiligunduliwa na kundi la Jan-Åke Gustafsson huko Uswidi, na taarifa yake ikatoka mwaka 1996. Alfa ndicho kinachosukuma seli za saratani kugawanyika, na ndicho ambacho maabara hupima. Beta, katika majaribio mengi ya maabara, kimeonekana kama breki kinapokaa pamoja na alfa, ila majibu ya watafiti hayafanani na hakuna mwongozo wa tiba unaokitumia kuchagua dawa. Nakitaja ili ieleweke kuwa siombi utafiti wa anasa. Naomba kile cha kwanza, kinachojulikana, ambacho dawa yake ni ya bei nafuu.

Turudi kwa mdogo wangu. Alifanyiwa upasuaji. Alipata tibakemikali, dripu baada ya dripu, safari baada ya safari, nywele zikaisha, kucha zikawa nyeusi. Aliimaliza yote. Akaambiwa aende nyumbani na arudi kliniki kila baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyerudi nyuma kuviangalia vile vistari. Nami, mwalimu wa baiolojia, niliyejua maana yake, nilinyamaza kwa sababu nilidhani wenye ujuzi wameshaamua. Hilo linaniuma kuliko yote niliyoandika humu.

Baada ya miezi kumi na minne alianza kuumwa mgongo. Alidhani ni ndoo za maji. Halafu akashindwa kuinama kuanika dagaa pale Kibirizi, kazi anayoifanya tangu akiwa binti. Saratani ilikuwa imeingia kwenye mifupa. Safari hii alichukuliwa kinyama katika mji mwingine, kikatiwa kwenye fomalini ya kutosha palepale, kikapimwa vyote. Kipokezi cha estrojeni: asilimia 90 ya seli. Cha projesteroni nacho kipo. HER2 hakuna.

Sisemi kwamba kidonge kingeuzuia ugonjwa kwa hakika. Hakuna daktari anayeweza kuapa hivyo kwa mgonjwa mmoja, nami siapi. Nasema kwamba miezi kumi na minne ilipita bila yeye kupewa dawa ambayo saratani yake ilikuwa inaisikia, kwa sababu tu hakuna aliyeuliza saratani hiyo ni ya aina gani.

Naomba sasa nizungumzie kauli ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa watu wenye elimu: kwamba saratani za matiti za Waafrika hazina vipokezi, kwa hiyo kipimo hicho kwetu hakina maana kubwa. Ni kweli kwamba saratani isiyo na vipokezi hupatikana zaidi kwa wanawake weusi kuliko kwa Wazungu, hasa wakiwa na umri mdogo. Lakini watafiti walipokusanya na kuchambua tafiti za nchi nyingi za Afrika, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2014, waliona kwamba kusini mwa Sahara karibu wanawake sita kati ya kumi wana kipokezi cha estrojeni. Tena waliona jambo ambalo lilinifanya niikumbuke ile glovu iliyojaa maji. Vinyama vilivyokusanywa kwa mpango vilionyesha vipokezi mara nyingi zaidi kuliko vilivyotolewa kwenye hifadhi za zamani.

Yaani sehemu ya ule "ukosefu wa vipokezi" ilitokana na kopo. Kipokezi ni protini. Kinyama kikikatika kutoka mwilini huanza kuharibika dakika hiyohiyo. Kinapaswa kuingia kwenye fomalini ndani ya saa moja. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi, na ujazo wake uzidi kinyama mara kumi hivi. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72. Ukikosea hapo, mashine ya gharama yoyote itaandika "hakuna" mahali ambapo kipo, na mwanamke atanyimwa dawa kwa kosa la kopo. Kinyama cha mdogo wangu kilitoka mwilini Alhamisi, kikafika dirisha la maabara Jumapili kikiwa nusu kimekauka. Hata kama wangekipima, sijui kama ningeyaamini majibu.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza si mashine. Najua mashine zinapendeza kuzinduliwa, lakini kwanza tupeni makopo yasiyovuja, fomalini iliyochanganywa sawasawa katika kila hospitali ya wilaya, Kasulu, Kibondo, Kakonko, Buhigwe, Uvinza, na fomu yenye nafasi ya kuandika saa kinyama kilipotolewa na saa kilipoingia kwenye dawa. Wauguzi wetu wafundishwe hilo kwa siku moja. Yule sista alinipa alichokuwa nacho, kwa upole wote. Hakupewa zaidi.

Kisha usafiri. Makohozi ya kifua kikuu na damu ya kupima wingi wa virusi vya UKIMWI hutoka kwenye vituo hadi maabara kwa utaratibu wa Serikali, na mgonjwa hakati tiketi ya kwenda kupeleka. Njia hiyo ipo, inapita kwenye barabara hizihizi. Kopo la kinyama halihitaji barafu, halihitaji gari lake peke yake. Liongezeni kwenye mkoba uleule. Na vipimo vya vipokezi vifanywe moja kwa moja saratani inapothibitishwa, bila mgonjwa kuitwa tena aje alipie pembeni. Mtu anayeuza dagaa akiambiwa kipimo hicho ni cha kuongeza, atauliza, "Kinalazimika?" Akijibiwa kuwa saratani yenyewe imeshaonekana, ataondoka, na mimi simlaumu.

Kuhusu muda, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2023 katika mpango wake wa saratani ya matiti: uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa alipofika kituoni mara ya kwanza, na angalau asilimia 80 ya wagonjwa wamalize tiba yao. Sisi tulitumia wiki saba kusubiri karatasi isiyokamilika.

La mwisho ni vidonge vyenyewe, na hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu kipimo bila dawa ni kumwonyesha mtu chakula na kumfungia mlango. Miaka mitano ya tamoksifeni ni vidonge zaidi ya 1,800. Ukimpa mgonjwa vya mwezi mmoja mmoja, nje ya mkoa, umemkatia safari 60. Mama mmoja wa kutoka Buhigwe niliyekaa naye benchi moja aliacha mwaka wa pili. Hakuwa ameshindwa na dawa, alishindwa na nauli. Wagonjwa wanaotumia ARV ambao hali zao ni nzuri hupewa dawa za miezi mitatu na kuendelea kwa mara moja, tena vituoni kwao. Naomba tamoksifeni iagizwe Bohari ya Dawa kama dawa ya kawaida ya hospitali za wilaya, na mgonjwa aliyeandikiwa na bingwa achukue ya miezi mitatu kwao Buhigwe, kwao Uvinza. Waliokoma hedhi wapate pia letrozoli au anastrozoli, zinazozuia estrojeni isitengenezwe kwenye mafuta ya mwili. Walio bado na hedhi wasipewe hizo peke yake, maana ovari zao zitaendelea kuitengeneza. Na mtu awaeleze wagonjwa, kwa Kiswahili na kwa Kiha, kwamba tamoksifeni hailiwi wakati wa ujauzito, na kwamba joto la ghafla ni dawa ikifanya kazi mwilini, wasiitupe.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamume, alisoma rasimu ya barua hii akaniuliza kama yanamhusu. Yanamhusu. Wanaume nao hupata saratani ya matiti, wachache, na karibu wote wana kipokezi cha estrojeni.

Waheshimiwa, sijaandika ili mtu afukuzwe kazi. Hospitali sikuitaja na sitaitaja. Naomba jibu la maandishi kwa swali hili: kinyama kikichukuliwa Kakonko Jumatatu ijayo, nani atalipokea kopo, litasomwa wapi, na ile mistari mitatu itajazwa na nani?

Mdogo wangu amebakiwa na vidonge kumi na kimoja. Mgongo umetulia, ameanza tena kukaa pale Kibirizi asubuhi, akiwaelekeza wengine namna ya kutandaza dagaa. Tiketi ya kufuata vingine tumeshakata, ni Ijumaa alfajiri.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa baiolojia, Ujiji, Kigoma